Ngome Kongwe ya Unguja: kanisa, ngome, gereza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na swahaba zake.

Makala haya yameanza na barua. Mama mmoja wa Mjini ametuandikia kwamba alitaka kuwachukua wanawe kuitembelea Ngome Kongwe pale Forodhani wakati wa likizo, na mumewe akamkatalia kwa sababu mbili: kwanza pale zamani palikuwa kanisa, pili hupigwa muziki usiku. Hayo mawili yangetosha kwa jibu la mistari mitano. Lakini mwisho wa barua ameongeza jambo la tatu, na hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Mtoto wao wa miaka 11 alirudi skuli analia, kwa kuwa mwenzake alimwambia, "Babu zenu ndio waliojenga gereza la kuwafungia babu zetu." Mama anauliza, mtoto huyu amwambie nini?

Nitaanza na hukumu, kisha niingie katika tarekh, maana swali la mtoto halijibiki bila ya tarekh.

Kuingia Ngome Kongwe kwa matembezi na kwa kujifunza inajuzu. Kanisa lililokuwepo pale halipo tena tangu zaidi ya miaka 300 iliyopita. Yaliyobaki ni vipande vya ukuta, na hakuna ibada inayofanywa. Hata kanisa linalotumika, wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu kuingia, na wapo wengi waliojuzisha panapokuwa hapana munkar. Kisa cha Sayyidna Umar (R.A) na kanisa la Baytul Maqdis kinajulikana: alialikwa na Patriaki Sophronius asali ndani, akakataa, akasali nje kwenye ngazi, akihofia Waislamu wasije baadaye wakalichukua kwa hoja kuwa Umar alisali humo. Wasomaji wengi hawajui kuwa riwaya hii imehifadhiwa na Mkristo, Said bin Batriq, Patriaki wa Alexandria wa karne ya 10, katika kitabu chake cha tarekh. Ama muziki, hukumu yake ni ya yule anayeuhudhuria. Anayekwenda asubuhi na wanawe hakuhudhuria tamasha la usiku, kama vile anayepita Forodhani mchana hahesabiwi kuwa amefanya yanayofanywa pale usiku wa manane.

Kwa hivyo hoja mbili za baba hazisimami. Hata hivyo mama asende kwa kificho. Baba amekataza kwa kuwaonea wanawe ghera, na ghera hiyo ni ya kheri. Namuomba aandamane nao, awe yeye ndiye mwenye kuwaeleza. Yafuatayo nimeyaandika hasa kwa ajili yake.

Wareno walifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1503 nahodha wao Ruy Lourenço Ravasco aliviteka vyombo vya watu baharini, kisha akamlazimisha mtawala wa kisiwa akubali kulipa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Hawakuweka jeshi kubwa hapa. Nguvu yao waliiweka Mombasa, walikojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Hapa Unguja walikuwa na wafanyabiashara wachache na mapadri wa shirika la Waagostino, na baina ya miaka ya 1590 na miaka ya 1610 wakajenga kanisa pale ufukweni. Hilo ndilo kanisa analolisema baba wa watoto wetu.

Na wenyewe wa kisiwa walikuwa wapi? Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kukigawa vipande viwili, chetu na chao. Mwaka 1652 jeshi la Oman lilikuja kuwapiga Wareno wa Unguja, na Mwana Mwema, malkia wa kisiwa, alikuwa upande wa Waomani. Mwaka uliofuata Wareno wakarudi kulipiza kisasi, wakamfukuza. Lakini chini ya miaka 50 baadaye malkia mwengine wa Unguja, Fatuma, alikuwa upande wa Wareno. Waomani walipoizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696, ni yeye aliyewapelekea chakula waliozingirwa. Wote wawili Waislamu, wote wawili wa kisiwa hiki, na kila mmoja aliamua kwa kadiri alivyoona maslahi ya watu wake au ya kiti chake. Fort Jesus ilianguka Disemba 1698, katika zama za Imam Saif bin Sultan wa Al-Yaaruba. Waomani wakaja Unguja, Fatuma akachukuliwa akapelekwa Oman, na katika miaka michache iliyofuata, pale pale kwenye kanisa, ikajengwa ngome.

Ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama jengo lolote la kale la mwambao: kuta nene, minara ya mviringo, na juu ya ukuta meno ya kujikingia mwenye kupiga mshale au bunduki. Sehemu za kanisa hazikuvunjwa zote. Zilimezwa na ukuta mpya, na mpaka leo mwenye kuingia uwanjani na kuangalia vizuri upande wa ndani anaweza kuoneshwa mabaki yake. Jengo lilikuwa la kujilinda. Adui aliyeogopewa wakati ule alikuwa Mreno kurudi kwa njia ya bahari.

Adui aliyekuja kweli, ni Mwarabu. Mazrui wa Mombasa walijitenga na Oman utawala wa Al-Yaaruba ulipoanguka na Al-Busaidi wakashika nafasi katika miaka ya 1740. Katika miaka ya 1750 liwali wao Ali bin Athman aliivamia Unguja kwa jeshi, akakaribia kuitwaa yote. Walinzi wa Al-Busaidi walijifungia ngomeni. Vita vile havikumalizwa kwa mzinga. Vilimalizwa pale Ali bin Athman alipouliwa na mtoto wa ndugu yake mwenyewe, na jeshi lake likarudi Mombasa. Tunayajua haya kwa kalamu ya mtu wa ukoo huo huo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947, aliyeandika kwa Kiarabu tarekh ya jamaa zake. Hakuificha fedheha ya kuwa babu yao aliuliwa na damu yake. Huo ndio uandishi wa amana, na mtajo wa sheikh huyu utarudi tena hapa chini kwa sababu nyengine.

Sasa neno lenyewe. Wareno walituachia maneno kadhaa ambayo leo tunayatumia bila ya kufikiri: meza, leso, bendera, karata. Moja katika hayo, kwa kauli ya wataalamu wengi wa lugha, ni gereza. Asili yake ni neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Watu wa mwambao waliliita jengo la Wareno kwa jina lake, kisha ngome iliyojengwa mahali pake ikaendelea kuitwa hivyo hivyo. Kilwa Kisiwani nako ngome ya Waomani iliyojengwa penye jengo la kale la Wareno mpaka leo inaitwa Gereza. Halafu ngome ikageuzwa pahala pa kufungia watu, na neno likahama na wafungwa. Anayesema leo "kapelekwa gerezani", pasi na kujua, anasema kapelekwa kanisani. Ajabu nyengine ni kuwa sisi wa Zanzibar, ambao kwetu ngome hiyo ndiyo iliyolea neno hili, serikalini hatulitumii tena: jela zetu rasmi zinaitwa Vyuo vya Mafunzo.

Ni lini ngome ikawa jela? Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, hatari ya Wareno ilikuwa imekwisha. Ngome ikabaki na askari, wengi wao Wabulushi, na ndani yake wakawekwa wafungwa. Kwa karne ya 19 ndiyo iliyokuwa jela ya mji. Nje ya ukuta wa upande wa mashariki ndipo walipokuwa wakipigwa bakora na kuuliwa waliohukumiwa. Leo watu hupita hapo na urojo mkononi.

Waliofungwa mle walikuwa watu wa kila namna, na majina yao wengi hayakuandikwa. Mji huu ulikuwa mji wa watumwa. Soko la Mkunazini halikufungwa mpaka mwaka 1873, kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash chini ya shindikizo la Waingereza, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Mnyonge alikuwa rahisi kufungwa kuliko mwenye nguvu, kama ilivyo kila pahala. Mtoto aliyemliza mwenzake hakuzua maneno hayo kutoka hewani; ana kitu alichokisikia nyumbani, na ndani ya kitu hicho mna maumivu ya kweli. Tusimwambie kuwa hayakuwapo.

Lakini tumuongezee yale ambayo hakuambiwa. Mwaka 1887 au karibu yake alifungwa Unguja Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa Mombasa, mtu aliyekuwa akifundisha fiqhi na hadithi. Hakuiba wala hakuua. Alifungwa kwa amri ya Sayyid Barghash kwa sababu ya msimamo wake katika mabishano ya kimadhehebu baina ya Sunni na Ibadhi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Allah amrehemu, amemtaja katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, ambacho nyumba nyingi za Unguja na Pemba bado zinacho. Hakutolewa mpaka Barghash alipofariki, Machi 1888, na ndugu yake Sayyid Khalifa bin Said akashika ufalme. Mwarabu alimfunga Mwarabu, Muislamu alimfunga Muislamu, mtawala alimfunga mwalimu. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894 na kuacha mtoto mdogo. Mtoto huyo ndiye Sheikh Al-Amin niliyemtaja juu, mwenye kuandika tarekh ya Mazrui. Alipokua alikuja kusoma hapa hapa Unguja, kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, katika mji ule ule ambao babaake alifungwa. Sikumbuki kusoma popote kuwa alibeba chuki na watu wa Unguja kwa ajili hiyo.

Nimekuwa nikisomesha fiqhi kwa muda mrefu, na mlango wa wafungwa huwa tunaupita haraka. Tusiupite hapa. Katika zama za Mtume (S.A.W) hapakuwa na jela ya kujengwa. Thumama bin Uthal, bwana wa Bani Hanifa, alipotekwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim: Mtume alimpitia siku tatu, kila siku anamuuliza ana lipi la kusema, kisha akaamrisha afunguliwe bila ya fidia. Thumama akatoka, akakoga, akarudi kusilimu. Jela ya kwanza ya kununuliwa ilikuwa nyumba ya Safwan bin Umayya pale Makka, katika ukhalifa wa Umar (R.A).

Halafu akaja Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa na Kadhi Mkuu wa Harun al-Rashid, akamuandikia khalifa katika Kitabul Kharaj kuhusu hali ya wafungwa. Alitaka walishwe kutokana na Baytul Mali, wapewe nguo za kusi na nguo za baridi, na wasitolewe mitaani na minyororo kuomba watu chakula. Tena alitaka kesi zao zitazamwe mara kwa mara, kwa kuwa wengine wanawekwa ndani bila ya hukumu iliyothibiti. Abu Yusuf alifariki mwaka 798, yaani miaka 900 kabla ya ngome yetu kujengwa. Wafalme wa Unguja walikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi waliosoma. Kwa hivyo mtu akituambia kuwa dhulma zilizopita mle ndani ni za Uislamu, tunamjibu kwa Abu Yusuf. Na mtu akituambia kuwa hazikuwa dhulma kwa kuwa watawala walikuwa Waislamu, Abu Yusuf huyo huyo ndiye atakayemjibu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jela haikuwa tena pale. Ngome ikatumika kama karakana ya reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905 kutoka mbele ya ngome kwenda shamba, kiasi cha maili 7. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kuwa Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari la moshi. Wengi wanaamini mpaka leo, na hata watembezaji wageni wanaisimulia. Lakini Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anaitaja Bububu kwa jina lake hilo hilo, kwani aliwahi kukaa huko. Gari la moshi lilikuwa halijazaliwa. Hali kadhalika kisiwa cha Changuu: wageni wanakiita kisiwa cha jela, ambapo jengo la jela lililojengwa pale katika miaka ya 1890 lilikuja kutumika kwa karantini ya wagonjwa.

Nayaeleza haya madogo kwa sababu yanafundisha njia. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola ametuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ikiwa khabari ya jina la kijiji, isiyomdhuru yeyote, imepotoka na sote tukaimeza, basi khabari ya nani alimfunga nani inataka tahadhari mara kumi zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ngome ilitengenezwa na uwanja wake ukawa kilabu ya wanawake, wakicheza tenisi. Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa akiitaja ngome kwa sura hii tu. Kwake haikuwa gereza wala kanisa. Ilikuwa pahala ambapo mwanamke akishaingia alivua buibui lake kwa utulivu, kwa sababu kuta zilizojengwa kumzuia Mreno zilitosha kuzuia macho ya barzani. Hakuwahi kushika kitanga cha tenisi. Alikwenda kukaa kivulini na wenzake, na kurudi kabla ya magharibi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilabu ilikufa na pakabaki pahame. Mimi utoto wangu nimeiona hivyo: mlango, nyasi, na sisi watoto wa chuoni tukitishana kuwa mna mashetani.

Mwaka 1994 ilitengenezwa tena na ndani pakajengwa ukumbi wa ngazi wa maonesho, na ndio unaotumika kwa tamasha la filamu tangu mwaka 1998 na la muziki tangu mwaka 2004. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Rai yangu kuhusu matamasha nimeshaitoa katika majibu mengine na sitairudia. Hapa nasema tu kuwa wahusika wanaosimamisha sauti wakati wa adhana wanafanya jambo la adabu, na wasiosimamisha waambiwe kwa upole.

Jirani yake, Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jengo lile lilistahamili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Halikustahamili maji ya mvua na kuchelewa kwetu.

Narudi kwa mtoto. Babaake amchukue siku ya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Amuoneshe kwanza mabaki ya kanisa na amwambie kuwa hapa waliabudu watu waliokuja na mizinga, na amwambie pia kuwa malkia wa kisiwa hiki aliwapelekea chakula. Amuoneshe minara, amwambie ilijengwa na Waomani kumzuia Mreno, na waliokuja kuivamia wakawa Waarabu wenzao. Amtembeze nje, upande wa mashariki, amwambie hapa watu waliuliwa, wengine kwa haki na wengine Allah ndiye anayejua, na kuwa wanyonge walikuwa wengi zaidi. Amtajie Sheikh Ali. Akiulizwa na mtoto, "Sisi tulikuwa upande gani?", ajibu kwa ukweli wa nasaba yake, kwa kuwa watu wengi wa visiwa hivi ukiwachimba babu zao watatu nyuma utamkuta mmoja aliyefunga na mmoja aliyefungwa. Kisha amsomee Suratul Fatir aya ya 18, kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine, na amwambie akamtafsirie na yule mwenzake.

Yule mwenzake naye achukuliwe, wazazi wake wakiridhia. Gari moja linatosha watoto wanne.

Wenye mama au bibi waliowahi kuingia ile kilabu ya wanawake, tunawaomba wawaulize na watuandikie, maana waliobaki ni wachache na hakuna ukuta uliohifadhi khabari zao.

Wallahu a'lam.